Namna ya kutumia "pick up": kumpitia mtu, kupokea simu, kufuata mzigo na mengineyo

Maswali ni yaleyale. Dereva wa teksi ameandikiwa na mgeni "Can you pick me up?" na anataka kujua kama mgeni anaomba kubebwa. Mwanafunzi analalamika kwamba mwalimu amekata "pick up it" kwa wino mwekundu, na haoni neno lililokosewa. Mhudumu wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni ameambiwa "business is picking up", akabaki anajiuliza ni nini kilichookotwa. Kitenzi hiki cha maneno mawili kinatumika kila siku, na kukikosea kuna gharama: mgeni anaachwa stendi, mzigo haufuatwi, simu inaleta ugomvi usio na sababu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kutunga sentensi fupi ya Kiingereza kwa wakati uliopo na uliopita. Fanya hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu hatua ya 2 na ya 3 ndizo zinazobeba nyingine zote. Dakika 20 kwa siku kwa wiki moja zinatosha.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Daftari, kauntabuku ikiwezekana, na kalamu mbili za rangi tofauti: moja ya kuandikia sentensi, nyingine ya kuandikia neno "up" peke yake. Rangi hiyo ya pili ina kazi kubwa, usiiache.

Simu yenye uwezo wa kurekodi sauti. Simu yoyote ya kupangusa inayo.

Kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, ya kitabu au ya kwenye simu. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili pekee haitoshi, maana nyingi zitakupa "okota" na kuishia hapo. Kwenye kamusi ya wanafunzi nenda kwenye "pick" kisha shuka hadi mwisho wa maelezo yake. "Pick up" hukaa huko chini pamoja na ndugu zake. Ukiona "sb" maana yake ni mtu, "sth" ni kitu, na mshale wenye ncha mbili unakwambia kwamba maneno mawili yaliyo upande huu na huu wa mshale yanaweza kubadilishana nafasi.

Hatua

1. Shika maana mbili za msingi kwanza.

Usianze kukariri maana kumi na mbili. Karibu zote zinatoka kwenye mbili tu. Ya kwanza: kitu au mtu alikuwa mahali fulani, sasa anaondoka na wewe. Kalamu ilikuwa chini, mgeni alikuwa stendi, mzigo ulikuwa ofisi ya basi, neno la Kigogo lilikuwa midomoni mwa majirani, mafua yalikuwa kwa mwenzako. Vyote hivyo mtu ameondoka navyo, kwa kupenda au kwa kutopenda. Ya pili: kitu kilikuwa chini au kimezorota, sasa kinapanda chenyewe. Humo mna upepo, biashara na mwendo wa gari.

Andika mbili hizo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Kila utakapokutana na "pick up" usiyoielewa, uliza kwanza: kuna mtu anayeondoka na kitu, au kuna kitu kinachopanda chenyewe? Jibu litakufikisha karibu sana na maana.

2. Tenganisha "pick" na "pick up".

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na mfano wake mzuri uko shambani Hombolo au Makutupora, Dodoma. "We are picking grapes" ni kuchuma zabibu kwenye mzabibu. "We are picking up the grapes" ni kuziokota zilizoanguka, au kwenda kuzichukua zikiwa tayari kwenye makreti. Mwenye shamba anayeajiri vibarua hawezi kuyachanganya haya mawili, kwani kazi ni tofauti na malipo huenda yakawa tofauti.

"Pick" peke yake ikiwa na mtu maana yake ni kumchagua. "The coach picked Asha" ni kocha amemchagua Asha kwenye timu. "The coach picked Asha up" ni kocha amempitia Asha na gari, au Asha alianguka na kocha akamnyanyua. Neno moja dogo mwishoni limebadilisha habari nzima.

Angalizo kuhusu Kiingereza chetu: Afrika Mashariki watu wengi husema "I will pick you at the stand" na "Why didn't you pick my call?" Kati yetu tunaelewana, na hakuna haja ya kumcheka anayesema hivyo. Lakini kwenye mtihani utakatwa alama, na mgeni kutoka nje atasita, kwa kuwa kwake "I will pick you" ni "nitakuchagua". Ukiwa unaandika barua pepe ya kazi, ombi la nafasi au ujumbe kwa mteja, "up" lazima iwepo.

Zoezi: andika sentensi sita zenye "pick up", neno "up" kwa rangi ya pili. Kisha funika kila "up" kwa kidole na usome upya. Sentensi ikibadilika maana au ikikosa maana, umeielewa hatua hii.

3. Weka kiwakilishi katikati.

Kanuni ni hii: ikiwa kinachochukuliwa kimetajwa kwa jina, "up" inaweza kukaa kabla au baada yake. Ikiwa kimetajwa kwa neno fupi kama "it", "me", "you", "him", "her", "us" au "them", neno hilo hukaa katikati, na hakuna njia nyingine.

Sahihi: "Pick up the parcel."
Sahihi: "Pick the parcel up."
Sahihi: "Pick it up."
Kosa: "Pick up it."

Kiswahili kinaweza kukusaidia hapa. Unaposema "nitakupitia", ile "-ku-" imekaa ndani ya kitenzi. Huwezi kuitupa mwishoni. Kiingereza nacho kwa "pick up" kinafanya hivyohivyo: kiwakilishi kinabanwa kati ya "pick" na "up". Mtu anayesema "pick up him" amevunja kanuni ambayo kwa Kiswahili anaifuata kila siku bila kufikiri.

Jina likiwa refu, usilibane katikati. "Pick the visitor who is coming from Singida on the morning bus up" inachosha. Msikilizaji anasahau "pick" kabla "up" haijafika. Sema "Pick up the visitor who is coming from Singida on the morning bus." Ukiona maneno zaidi ya matatu au manne yanataka kuingia katikati, tanguliza "up".

4. Itamke kama neno moja.

Tatizo kubwa la kusikia si maana. Wazungumzaji wa Kiingereza huunganisha sauti, nawe unasubiri maneno mawili yaliyoachana ambayo hayaji. Soma hizi kwa sauti, kama zilivyoandikwa hapa kwa tahajia yetu:

"Pick it up" husikika *pi-ki-tap*.
"Pick him up" husikika *pi-ki-map*. Ile "h" mara nyingi inamezwa.
"Pick us up" husikika *pi-ka-sap*.
"Pick me up" husikika *pik-mi-ap*.
"Picked up" husikika *pik-tap*.
"Picked it up" husikika *pik-ti-tap*.

Mambo mawili ya kuchunga. Kwanza, "picked" ni silabi moja, *pikt*. Ukisema "pikedi" umeongeza silabi ambazo hazipo. Pili, "p" ya mwisho hufungwa kwa midomo bila irabu baada yake: *ap*, si "apu". Kiswahili hupenda kumaliza neno kwa irabu, kwa hiyo mdomo utakuvuta huko. Funga midomo na uiache imefungwa kidogo kabla hujaendelea.

Kiwakilishi kikiwa katikati, mkazo huangukia "up". Rekodi sentensi sita za juu, zisikilize, rekodi tena. Fanya hivyo siku tatu mfululizo na utaanza kuzikamata kwenye redio na kwenye filamu bila kuzitafuta.

5. Kumpitia au kumfuata mtu.

Hii ndiyo maana utakayoitumia kuliko zote, hasa kama unaendesha teksi, bajaji au bodaboda, unapokea wageni wa ofisi Mtumba, au unapeleka watalii kwenye michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa, ambayo iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Safari ya Kolo ni zaidi ya kilomita 150 kutoka jijini Dodoma, kwa hiyo huanza alfajiri, na alfajiri ndipo makosa ya kupitiana yanapotokea.

Sentensi ya msingi ina sehemu nne: nani, wapi, saa ngapi, siku gani.

"I'll pick you up at the Nanenane bus terminal at 6 a.m. on Friday."

Mahali tumia "at" kwa sehemu ya kukutania. Tumia "from" unapomaanisha mtu anatolewa hapo: "pick the children up from school". Kwa stendi, stesheni ya treni au uwanja wa ndege zote mbili zinakubalika.

Sasa saa. Tafadhali usiipite sehemu hii haraka. Mgeni akiandika "Pick me up at six" hamaanishi saa sita. Six ya asubuhi ni saa 12 asubuhi. Six ya jioni ni saa 12 jioni. Njia rahisi ya kubadilisha: tazama saa ya ukutani, mahali mshale mfupi ulipo, kisha soma namba iliyo mkabala nayo. Saa 1 asubuhi ni "7 a.m.", saa 3 asubuhi ni "9 a.m.", saa 6 mchana ni "12 noon", saa 9 alasiri ni "3 p.m.", saa 2 usiku ni "8 p.m."

Usiku wa manane una mtego wa ziada. Saa 8 usiku wa kuamkia Jumapili ni "2 a.m. on Sunday". Kwa Kiingereza siku imeshabadilika tangu saa 6 usiku. Dereva anayesoma "2 a.m. Sunday" akaja Jumapili usiku baada ya kula chakula cha jioni amechelewa kwa siku nzima. Jibu kila ujumbe kwa kurudia saa ukiwa umeweka "in the morning", "in the afternoon", "in the evening" au "at night": "OK, I'll pick you up at 2 in the morning on Sunday, so Saturday night." Maneno hayo matatu ya mwisho yanaondoa utata wote.

Jambo lingine: "pick up" huishia pale mtu anapopanda. Kumfikisha aendako ni "take", na kumshusha ni "drop off". Usiseme "I will pick you up until the hotel". Sema "I'll pick you up and take you to the hotel." Kwenye kushusha, kiwakilishi nacho hukaa katikati: "I'll drop you off at the hotel."

Na kumbuka nani anampitia nani. Chombo, au anayekiendesha, ndiye anayempitia mtu. Abiria hampitii chombo. Kwa Kiswahili tunasema "nilichukua bodaboda", kisha tunajikuta tukisema "I picked a bodaboda". Sahihi ni "I took a bodaboda." Ukitaka kutumia "pick up", geuza: "The bodaboda picked me up at Swaswa."

6. Kupokea simu.

"Nilikupigia, hukupokea" kwa Kiingereza ni "I called you but you didn't pick up." Simama hapo. Usiongeze mtu mwishoni. Kiswahili hakikulazimishi kumtaja anayepokelewa, na Kiingereza hapa hakimtaki kabisa. Ukiandika "Please pick me up" ukimaanisha "tafadhali pokea simu yangu", mwenzako atawasha gari aje kukufuata.

Unaweza kusema "pick up the phone". Kwenye maandishi ya ofisi, "answer" ni salama zaidi: "Nobody answered my call." Na unapoandika kwamba uko njiani kumfuata mtu, anza na "I'm", si "Am". "I'm coming to pick you up."

7. Kufuata mzigo, kununua njiani.

Hii ni nyepesi. Kitu kiko tayari, unakwenda kukichukua: "Your parcel has arrived. You can pick it up any time before 5 p.m." Au unapita mahali ukiwa na safari yako, unanunua kitu: "Can you pick up some bread on your way home?" Kwa pikipiki iliyotengenezwa, nguo kwa fundi au picha za pasipoti, sentensi ni ileile.

Ikiwa ni duka au ofisi inayozungumza kwa heshima, "collect" nayo hutumika: "Your documents are ready for collection." Ukienda sokoni Majengo kwa manunuzi ya wiki nzima, hiyo ni "shopping", "pick up" ni ya vitu viwili vitatu.

8. Kuokoteza lugha, kuambukizwa, kunasa mawimbi.

Lugha uliyoipata kwa kuishi na watu, bila darasa: "She picked up some Gogo in Mvumi." Kwa kawaida hufuatwa na kiasi kidogo: "a few words", "a bit of", "some". Mtu aliyesoma Kiingereza darasani tangu shule ya msingi hasemi "I picked up English at school"; anasema "I learned". Kwenye wasifu wa kuombea kazi tofauti hii ni muhimu, kwani "picked up" inaashiria kwamba hukufundishwa.

Ugonjwa mdogo wa kuambukiza: "I picked up a cold on the bus." Kisukari na presha haziingii hapa. Redio au simu kunasa mawimbi: "My radio picks up only two stations here."

9. Upepo, biashara na mwendo.

Hapa hakuna mtu anayechukua kitu. Kinachopanda ndicho kinachotangulia sentensi, na baada ya "up" hakuna kitu cha lazima.

"The wind picks up in the afternoon."
"Business picks up in April, when Parliament meets for the budget session."

Mwenye nyumba ya wageni Dodoma anaijua sentensi hiyo ya pili kwa vitendo: Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, na vyumba hujaa. Kinyume cha upepo ni "die down", cha biashara ni "slow down". Mwendo ni tofauti kidogo, kwani huongezewa neno "speed": "The train picked up speed after leaving the station."

Chunga bei. Bei ya sukari ikipanda sema "prices have gone up". "Pick up" ya namna hii hubeba wazo la kuimarika baada ya kudorora, yaani habari njema. Kwa mkulima ambaye zabibu zake zilikuwa zikinunuliwa kwa bei ya kutupa, "grape prices are picking up" ni sawasawa, kwa sababu kwake ni nafuu. Kwa mama anayenunua unga, hapana.

10. Kuendelea pale mlipoishia.

"Let's pick up where we left off yesterday." Ikariri nzima kama ilivyo. Inafaa kuanzia kikao, somo au mazungumzo yaliyokatika, na haihitaji kuchambuliwa.

11. Jina: "pick-up".

Kitenzi huandikwa kwa maneno mawili yaliyoachana: "I'll pick you up." Jina huunganishwa: Waingereza kwa kawaida huandika "pick-up", Wamarekani "pickup". Kwenye ratiba ya safari utakutana na "Hotel pick-up: 5 a.m." na "pick-up point", yaani mahali pa kupandia. Mkazo wa jina uko mwanzoni, kwenye "pick". Gari tunaloliita pikapu limetoka kwenye jina hilohilo. Kosa la kawaida ni kuweka kistari kwenye kitenzi, kama "I will pick-up you". Lina makosa mawili kwa pamoja. Yatafute mwenyewe kabla hujaendelea.

12. Maana za kutumia kwa tahadhari.

"He tried to pick her up at the bar" ni alijaribu kumtongoza, wala si kumpa lifti. Kinachotoa maana ni mazingira: baa, sherehe, mtu asiyemfahamu. Dereva anayetaka kumwambia mteja wa kike kwamba atampitia aweke mahali na saa, na maana hiyo mbaya haitamjia mtu yeyote. "He was picked up by the police" ni alikamatwa au alichukuliwa na polisi. Usiitumie kwa polisi aliyempa mtu lifti.

13. Jipime.

Funika majibu yaliyo chini, kisha geuza sentensi hizi kwa Kiingereza ukitumia "pick up".

a) Nipitie saa 1 asubuhi kesho.
b) Nilimpigia mara tatu, hakupokea.
c) Mzigo umefika, nenda kauchukue.
d) Alijifunza maneno machache ya Kigogo kwa majirani.
e) Upepo unaongezeka.
f) Basi lilitupitia Nkuhungu.

Majibu: a) "Pick me up at 7 a.m. tomorrow." b) "I called him three times but he didn't pick up." c) "The parcel has arrived. Go and pick it up." d) "She picked up a few words of Gogo from the neighbours." e) "The wind is picking up." f) "The bus picked us up at Nkuhungu."

Ukikosa (a), tatizo ni saa, rudi hatua ya 5. Ukikosa (c) au (f), rudi hatua ya 3. Ukikosa (b), angalia kama umeongeza "me" au "him" baada ya "pick". Kwenye (d) ukiandika "he" ni sawa pia. Kiswahili hakikukwambia kama ni mwanamume au mwanamke.

Mambo yakikwama

Unasikia "pick" lakini "up" huisikii. Imeungana na neno lililotangulia. Acha kuitafuta "up". Sikiliza *-tap*, *-map* na *-sap* za hatua ya 4. Kama kipande ni cha video, punguza kasi hadi 0.75.

Umesoma sentensi na maana mbili zote zinaingia. "She picked up the children" inaweza kuwa aliwapitia watoto shuleni au aliwanyanyua kutoka chini. Angalia kilichofuata: kuna mahali, saa au chombo? Aliwapitia. Kuna mikono, kilio au kuanguka? Aliwanyanyua. Ukiwa wewe ndiye mwandishi, ongeza "from school" na utata umekwisha.

Unasahau "up" ukiandika kwa haraka. Kabla ya kutuma, tafuta kila "pick" kwenye ujumbe na ujiulize: hapa nimechagua, nimechuma, au nimechukua? Kuchagua na kuchuma hubaki bila "up".

Wakati uliopita unakutoroka. Kinachobadilika ni "pick" pekee: "picks up", "picked up", "picking up". "Up" haiguswi kamwe. "Pick upped" haipo.

Mgeni haelewi unapomwambia "I will pick you". Sema mara moja "I'll come with my car and pick you up", kisha taja mahali na saa. Ukirudia sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi, haitasaidia.

Umekutana na "pick on" au "pick up on". Hizi ni nyingine kabisa. "Pick on someone" ni kumwonea mtu, kumwandama: "Stop picking on your brother." "Pick up on something" ni kugundua jambo ambalo halikusemwa wazi: "He picked up on her worry." Zipe ukurasa wake kwenye daftari, na usizianze kabla sentensi sita za hatua ya 13 hazijatoka bila kuangalia majibu.